Kifaa Kifuate Mwili: Kutoka Ufuko wa Muhuta hadi Makerezo ya Unguja

Wapo wanaoamini kwamba vifaa vya faragha vya wanawake viliingia Afrika Mashariki juzi juzi, vimefichwa ndani ya makontena ya simu za bei poa, na kwamba mwanamke wa huku kwetu hakuwahi hata kujiuliza ni kitu gani kinaufaa mwili wake na kipi hakiufai. Imani hiyo inawapendeza watu wa aina mbili: wanaotaka kuvipiga marufuku kwa hoja kwamba ni uchafu wa kigeni, na wanaoviuza kwa hoja kwamba wanatuletea usasa. Wote wamekosea, tena kwa kosa lile lile. Ukiifuata njia ya zamani ya biashara inayotoka mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo na Unguja, unakuta kila upande wa njia hiyo maarifa ya kale kuhusu raha ya mwanamke, yaliyoshikwa na wanawake watu wazima na kurithishwa kwa mtu mmoja mmoja. Ninachodai katika makala haya ni kwamba nyakati mpya hazikutuletea raha, wala hazikutuletea vifaa. Zilituletea kipimo kimoja kwa wote, na kipimo hicho kimewapunja wanawake. Lakini nitalazimika kukiri pia kwamba mila yenyewe, kabla ya mgeni yeyote kufika, ilikuwa tayari na upunjaji wake.

Tuanze na mahali. Muhuta ni komini iliyo ukingoni mwa ziwa, kusini ya Bujumbura, pale milima inapoteremka hadi karibu na maji na barabara ya taifa namba 3 ikapenyezwa katikati. Mwaka 2015 iliondolewa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini, ikaunganishwa na Bugarama, Burambi, Buyengero na Rumonge kuwa mkoa wa Rumonge, uliodumu hadi mwaka 2025. Leo anayepita hapo anaona wavuvi wa ndagala na mukeke, michikichi, na madumu ya mawese yakisubiri gari. Karne ya 19 ufuko huu ulikuwa katika mwambao mmoja na Ujiji, soko kubwa ambako wasafiri Burton na Speke walifika Februari 1858 wakiwa hoi kwa homa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliupitia kwa mtumbwi wakielekea mdomo wa mto Rusizi, na jiwe la kumbukumbu yao bado lipo Mugere. Mapadri Weupe walijenga kituo Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 wamisionari watatu wa kituo hicho waliuawa na kituo kikafungwa. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, wao waliendelea kuja. Walichukua pembe za ndovu, watu, chumvi na mafuta ya mawese, wakaleta nguo na shanga. Kwenye soko la Ujiji shanga ziitwazo sofi zilikuwa fedha kamili ya kununulia samaki na muhogo. Kiswahili kinachosemwa hadi leo Rumonge na Buyenzi, Bujumbura, ni mtoto wa njia hiyo.

Nataja njia hii kwa sababu shahidi wetu mkuu alizifikia mwenyewe ncha zake zote mbili. Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alitoka Tanga mapema mwaka 1892 na msafara mkubwa, akaiona Ngorongoro, akavuka hadi Burundi, na Septemba mwaka huo akateremka kutoka milimani hadi Tanganyika. Warundi waliompokea kwa shangwe walimdhania kuwa mfalme aliyerudi. Baadaye akawa konseli wa Austria-Hungaria Zanzibar, na mwaka 1899, mwaka aliofariki, jarida la elimu ya makabila la Berlin lilichapisha makala yake fupi ya kurasa tatu hivi kuhusu mapenzi yasiyo ya kawaida, kama yalivyoitwa wakati huo, miongoni mwa watu weusi wa Unguja. Humo ndani kuna maelezo ya kitu kimoja: fimbo ya mpingo iliyochongwa kwa umbo la uume, iliyotengenezwa kwa siri na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika kwa ajili ya wateja wanawake. Anasema zilikuwapo pia za pembe za ndovu. Anasema zilikuwa za namna mbili: moja ina mfuo karibu na tako lake wa kufungia uzi ili mwanamke aivae kiunoni, na nyingine imechongwa ncha zote mbili. Nyingi zilitobolewa katikati ili maji ya uvuguvugu yapite. Na anataja kwamba zilipakwa mafuta kabla ya kutumiwa.

Maelezo hayo yanastahili kutazamwa kwa jicho la fundi kuliko la hakimu. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini. Una mafuta yake ya asili, haunywi maji kirahisi, na ukisuguliwa vizuri hutoa uso laini usio na kichomi. Ndiyo maana Ulaya inauagiza kwa ajili ya zumari zake. Kwenye kerezo, fundi huuzungusha mpingo huku akiugusa kwa patasi, na kila mguso huondoa unyuzi mwembamba kama wa nywele. Anaweza kusimama popote: hapa unene wa dole gumba, pale unene wa kifundo cha mkono. Kitu cha kukerezwa hakina saizi ya kiwanda. Anayekiagiza, au mtumishi aliyetumwa kukiagiza, lazima ataje urefu na unene, na lazima aseme kama anataka uzi wa kufunga au ncha mbili. Kwa maneno mengine, pale kifaa cha aina hii kinapoonekana katika maandishi ya zamani ya eneo letu, huenda kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. Hata tundu la maji ya uvuguvugu linaonyesha fikra: kwa maelezo ya Baumann, maji hayo yaliigiza umwagaji wa mwanamume. Na kama baadhi ya vifaa hivyo vilikuwa vya pembe, basi pembe za Unguja zilitoka bara, zikiwemo zilizobebwa mabegani kutoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Ufuko wa Muhuta haukuwa mbali na jambo hili kama ramani inavyodhani.

Msomaji makini atapinga: Baumann alikuwa mzungu, mwanamume, na konseli. Alijuaje mambo ya vyumbani mwa wanawake wa Kiislamu? Pingamizi hilo ni la haki, na sehemu yake naikubali. Aliandika kwa lugha ya waganga wa akili wa Ulaya wa siku zile, waliokuwa wakiorodhesha matamanio ya watu kama wanavyoorodhesha maradhi, na akawatwika Waarabu lawama ambazo hakuzithibitisha. Tafsiri yake naiacha kando. Lakini mtu anayezusha huzusha mambo makubwa, ya kushtua. Hazushi mfuo wa kufungia uzi. Maelezo ya ufundi aliyoyatoa ni ya mtu aliyekishika kitu chenyewe mkononi au aliyesimuliwa na aliyekishika, tena yanapatana na tunayoyajua kuhusu mafundi wa mji huo, waliokereza miguu ya vitanda vya samadari kwa matajiri wa Mji Mkongwe. Isitoshe, sheria haikatazi kitu kisichokuwapo: mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar liliongeza katika sheria za jinai kosa la mapenzi baina ya wanawake. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Baumann, watunga sheria waliona bado kuna jambo la kukatazwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Unguja si Muhuta. Mlimani Burundi hakukuwa na mafundi wa kukereza pembe kwa siri, wala mabibi wa kuwatuma watumishi wao. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu badala ya kuipoteza. Katika nchi za Maziwa Makuu, Burundi, Rwanda, magharibi ya Uganda na Tanzania, mashariki ya Kongo, kifaa kilikuwa ujuzi wenyewe. Kunyaza, kama kunavyoelezwa katika kitabu cha mwandishi Mnyarwanda Nsekuye Bizimana kilichotoka mwaka 2008 na katika filamu ya mwaka 2016 ya Olivier Jourdain inayomfuata mtangazaji wa redio Vestine Dusabe, ni ufundi ambao mume hushughulika na sehemu za nje za mkewe, kinembe na midomo ya uke, kwa kugusagusa kwa mdundo, badala ya kukimbilia ndani. Lengo ni maji ya mwanamke, na mume asiyeyapata huhesabiwa hajui kazi. Ukiutazama kwa makini, ujuzi huu umejengwa juu ya anatomia. Unajua kwamba kitovu cha raha ya mwanamke kiko nje. Unajua kwamba mahali, nguvu na mwendo vinabadilika kutoka mke hadi mke, kwa hiyo mume hana budi kujifunza upya kwa huyu aliye naye, hata kama alikuwa bingwa kwa mwingine.

Na nani alimfunza mwanamke kuujua mwili wake kabla hajaolewa? Shangazi, ndugu wa kike wa baba, anayeitwa senge kwa lugha za huku. Uganda ni ssenga, na kule Sylvia Tamale ameonyesha katika utafiti wake wa mwaka 2005 jinsi cheo hicho kilivyotoka nyumbani kikaingia magazetini, redioni na katika huduma za kulipia. Pwani, Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza katika kitabu cha mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili kazi ya kungwi anayemsindikiza bibi harusi. Mombasa na Lamu wanamwita somo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini majirani zake Unguja walimjua pia kama mkuu wa unyago. Majina ni tofauti, muundo ni mmoja: mwanamke mzima mmoja anakabidhiwa mwanamwali mmoja. Ngoma huchezwa na wengi, lakini mafunzo ya siri hukaa kati ya watu wawili. Taasisi haiwekwi hivyo bila sababu. Kama mafunzo yangekuwa sawa kwa kila mtu, yangetosha kuimbwa mara moja uani watu wote wakayasikia. Kungwi anahitajika kwa sababu lipo la kuangalia kwa mhusika mwenyewe, la kumrekebishia, la kumtoa hofu.

Sasa nifike kwenye deni nililoahidi kulilipa. Mila hii iliyojua kwamba miili inatofautiana, haikuvumilia tofauti hizo kila mara. Nchini Rwanda na Burundi, pamoja na kunyaza, ilikuwapo gukuna, desturi ya kurefusha midomo midogo ya uke, iliyoanzishwa kabla mhusika hajafikia umri wa kuamua mwenyewe. Aliyekosa aliambiwa hatakubalika kwa mume. Shirika la Afya Duniani liliiweka desturi ya namna hii katika kundi la nne la ukeketaji katika tamko la mwaka 1997. Tamko la mwaka 2008 liliiondoa katika orodha ya mifano, huku likisema bado inaweza kuhesabiwa humo kwa sababu ya shinikizo analowekewa msichana. Kwa upande mwingine, wanawake wa Rwanda waliohojiwa katika utafiti wa Marian Koster na Lisa Price uliochapishwa mwaka 2008 waliizungumzia kwa wema, kama chanzo cha raha yao wenyewe. Sioni sababu ya kuwaita waongo. Lakini naona tofauti ya msingi ambayo wasifiaji wa mila hupenda kuiruka: kunyaza humtaka mume ajirekebishe kwa mwili wa mkewe, gukuna humtaka mwanamke aurekebishe mwili wake kwa matarajio ya watu. Shangazi yule yule alifundisha yote mawili, labda jioni moja. Anayetaka kurithi maarifa ya shangazi hana budi kuyapepeta.

Wala Ulaya isidhani imesalimika na ugonjwa huo. Mwaka 1924, Ubelgiji ilipokuwa inakamilisha sheria za kuitawala Ruanda-Urundi kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo, jarida moja la madaktari la Brussels, Bruxelles-Médical, lilichapisha makala ya mwandishi aliyejiita A. E. Narjani. Lilikuwa jina la kubuni la Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa Napoleon na baadaye mwanafunzi wa Freud. Alikusanya vipimo vya wanawake 243, akilinganisha umbali kati ya kinembe na tundu la mkojo na uwezo wa mwanamke kufika kileleni kwa kuingiliwa tu. Akawagawa mafungu matatu. Mpaka wake ulikuwa kama sentimita 2.5, upana wa dole gumba: walio chini ya hapo walifika kwa urahisi, walio juu yake kwa shida. Yeye mwenyewe alikuwa katika fungu la walio juu ya mpaka huo. Takwimu zake zilipopigiwa hesabu upya mwaka 2011 na Kim Wallen na Elisabeth Lloyd kwa mbinu za kisasa, uhusiano ulionekana, ingawa namna alivyowapata wanawake hao haitoshi kuufanya uwe neno la mwisho. Kwa vyovyote vile, mwanamke mmoja wa Ulaya alikuwa ameandika kwa rula kile ambacho kunyaza kulikisema kwa vitendo: nafasi ya viungo haifanani, na nafasi hiyo ina matokeo.

Halafu akafanya nini na ugunduzi wake? Akaenda Vienna, mji wa Baumann, kwa daktari mpasuaji Josef Halban, na mwaka 1927 akapasuliwa ili kinembe chake kisogezwe karibu na uke. Haikufaulu. Akarudia, haikufaulu tena. Mwanamke msomi, tajiri, mwenye vipimo vya watu 243 mezani, alikubali kukatwa kuliko kumwambia mwanamume abadilishe mtindo. Hakuwa peke yake katika kufikiri hivyo. Freud alikuwa amefundisha kwamba raha ya kinembe ni ya utoto, na kwamba mwanamke aliyekomaa huihamishia ndani. Fikra hiyo ilitawala zahanati na vitabu vya ndoa kwa miongo kadhaa, na iliposafiri hadi makoloni ilikuwa imeshavaa koti la sayansi. Sidai kwamba padri au nesi wa Rumonge aliwahi kumsoma Freud. Nadai kwamba kati ya mafundisho ya kanisa yaliyoifunga ndoa kwenye uzazi na sayansi iliyoidharau sehemu ya nje, maarifa ya senge yalikosa mtetezi pande zote mbili. Bonaparte alifariki Septemba 1962, Burundi ikiwa na uhuru wa miezi miwili na siku kadhaa.

Sayansi ilichelewa sana kujisahihisha. Mwaka 1998 Helen O'Connell, mpasuaji wa mfumo wa mkojo wa Melbourne, alionyesha kwamba kinembe kinachoonekana ni ncha tu ya kiungo kikubwa kinachoenea ndani, kikiizunguka njia ya mkojo na mdomo wa uke. Mwaka 2005 Jillian Lloyd na wenzake jijini London walipima wanawake 50 na kuchapisha namba ambazo zingepaswa kubandikwa ukutani katika kila duka la vifaa vya faragha. Umbali kutoka kinembe hadi tundu la mkojo: kuanzia milimita 16 hadi 45. Urefu wa kinembe: milimita 5 hadi 35. Upana wa midomo midogo: milimita 7 hadi 50. Urefu wa uke: sentimita 6.5 hadi 12.5. Hao ni wanawake 50 tu, na tayari katika baadhi ya vipimo mmoja ana mara saba ya mwingine. Ni kweli kwamba uke hurefuka na kutanuka mwanamke anaposisimka, kwa hiyo namba ya hospitalini si ya kitandani. Lakini tofauti haifutiki kwa hilo. Mtu anayemuuzia mwanamke wa sentimita 6.5 kifaa kigumu cha sentimita 18 na kumwambia atazoea, anamuuzia maumivu.

Yupo atakayesema kwamba hata kama haya yote ni kweli, si ya kuandikwa. Ni ya kunong'ona, na dini zinakataza. Rumonge ina misikiti na ina makanisa, kwa hiyo swali linastahili jibu la heshima. Katika Uislamu, Bibi Aisha anapokewa akiwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na Umm Sulaym alimuuliza Mtume waziwazi kuhusu josho la mwanamke aliyeota ndoto. Al-Ghazali, ambaye hakuna anayemhesabu kuwa mpenda anasa, ameandika katika kitabu chake Ihyaa kwamba mume aliyemaliza haja yake asimharakishe mkewe mpaka naye amalize yake. Swali la vifaa vyenyewe wanazuoni wana maneno yao na siyaingilii. Lakini elimu ya mwili si kosa katika dini yoyote kati ya hizo, na bila elimu hiyo hata yule asiyetaka kifaa chochote atabaki hajui kwa nini ndoa yake inauma. Upande wa sheria ni mgumu zaidi. Burundi, katika kanuni zake za adhabu za mwaka 2009, iliharamisha mapenzi ya jinsia moja kwa mara ya kwanza katika historia yake, na hofu ya aina hiyo huwafunga midomo hata wasiohusika: muuzaji hajielezi, mnunuzi hamuulizi.

Ndiyo maana soko la leo, linalotangazwa kwa simu kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, limerudi nyuma ya kerezo la Unguja katika jambo moja la msingi: halimuulizi mnunuzi kinachomfaa. Vifaa vingi bado vimechukua uume kuwa kipimo, na uume wa kufikirika zaidi, ilhali wanawake wengi raha yao iko nje ambako kifaa hicho hakigusi. Mwenye umbali wa milimita 40 kati ya kinembe na tundu la mkojo anahitaji kitu kidogo cha nje, au chenye mikono miwili inayokunjika. Mwenye milimita 16 huenda akatosheka na kile kile ambacho mwenzake amekitupa. Mwenye kinembe kilichojificha ndani ya ngozi yake huona mtetemo mpana ukimfaa, na mwenye kinembe cha wazi huona mtetemo huo huo ukimchoma. Mama aliyejifungua karibuni, mwanamke aliyekoma hedhi ambaye uke wake umekuwa mkavu, mwenye misuli inayokaza kwa hofu: hao hawawezi kupewa boksi moja. Malighafi nayo ni jambo. Mpingo ulikuwa mgumu lakini haukunywa uchafu kirahisi. Plastiki laini ya bei ya chini huunywa, haioshwi ikatakata, na baadhi yake hutoa kemikali za kulainishia. Silikoni safi, chuma kisichoshika kutu na kioo kigumu huoshwa kwa maji na sabuni. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni namba 3533, ya kwanza ya aina yake, kuhusu usalama wa vifaa hivi. Ni hatua. Lakini ni kanuni ya usalama. Haiwezi kukwambia wewe una milimita ngapi. Na kwa kuwa tunazungumzia Rumonge, nchi ya michikichi, lazima lisemwe: mawese, kama mafuta mengine, hupasua mpira wa kondomu, kwa hiyo kilainishi cha maji ndicho cha kutumia kondomu ikiwapo.

Atakayeniambia kwamba haya ni mambo ya wenye nacho, na kwamba mwanamke wa Gitaza, hapo Muhuta, ana shida za maporomoko ya ardhi na bei ya ndagala kabla ya kufikia silikoni, nitamwambia kwamba kunyaza hakukuwahi kumgharimu mtu hata sofi moja. Sehemu ya bei ghali ya historia hii imekuwa siku zote ile ya kuubadilisha mwili: meza ya Halban, na aibu ya aliyekosa gukuna. Kuuacha mwili ulivyo na kutafuta kinachoufaa, kiwe kifaa, mkono au mwendo wa taratibu, kumekuwa rahisi kwa kila kizazi kilichokubali kuuliza. Kati ya Muhuta na Rumonge shangazi bado wapo. Waulizwe. Na shangazi atakayejibu kwamba kasoro iko kwenye mwili wa binti wa kaka yake, huyo asisikilizwe.